Wenzangu kazini wananitukana kabila na ulemavu, nianzie wapi?

Kijana wa Ghalani: Habari zenu wakuu. Nipo ghala moja hapa Dar, mkataba wa mwaka, huu ni mwezi wa nane. Wenzangu wawili wananitukana mbele ya watu kwa kabila langu na mguu wangu wenye ulemavu. Sasa wamehamia kwenye grupu la WhatsApp la shifti. Msimamizi yumo humo, kimya. Nikilalamika wanasema ni utani. Nafikiria kuacha kazi. Naomba hatua za kufuata.

Karani wa Zamani: Pole mkuu. Barua ya kuacha kazi iweke pembeni kwanza. Tafuta daftari lako binafsi, usitumie kompyuta ya ofisi, maana wakikufungia akaunti umepoteza kila kitu. Kila tukio liandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, aliyesema, waliokuwepo, na tusi lenyewe neno kwa neno hata kama unaona aibu. Ukiandika "alinitukana" tu, kwenye kikao hakuna cha kupima.

Hoja ya utani inavunjwa kwa sentensi moja, mbele ya shahidi, bila kupaza sauti: "Sipendi kuitwa hivyo, usirudie." Watani ni watu waliokubaliana; ukishakataa hadharani, akirudia ni kwa makusudi. Siku uliyokataa nayo iandike.

Skrinshoti ionyeshe namba ya simu na tarehe, si jina ulilosevu tu. Mazungumzo yote yatume kwenye barua pepe yako binafsi, na kwenye simu usifute. Na usijibu tusi kwa tusi humo! Jibu moja tu litageuza shauri kuwa "waligombana", mtapewa onyo wote watatu.

Mama Utumishi: Baada ya hapo barua ya malalamiko, ukurasa mmoja, kwa afisa utumishi. Usimpe msimamizi, kwa kuwa ukimya wake ni sehemu ya lalamiko. Chagua matukio matatu au manne mazito, taja mashahidi, ambatisha skrinshoti. Sema unachotaka: uchunguzi, na wao ndio wahamishwe shifti wakati unaendelea. Barua nyingi hufa kwa sababu zinaeleza uchungu bila kuomba kitu.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe. Kama kuna tawi la TUICO (chama cha wafanyakazi) hapo, mwenyekiti wa tawi apate nakala.

Wakili Msomi: Naongezea upande wa sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinahesabu unyanyasaji kwa misingi ya kabila au ulemavu kuwa ubaguzi. Kwa hiyo maneno "unyanyasaji" na "ubaguzi" yawemo kwenye barua. "Lugha mbaya" peke yake haitoshi.

Mwajiri akikaa kimya, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) na fomu namba 1 ya kupeleka mgogoro, mwajiri naye apewe nakala. Muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30 tu, na hapo ndipo wengi huchelewa.

Kuacha kazi kwa kulazimishwa, yaani mwajiri amefanya kazi isivumilike, kunatambuliwa na kanuni ya 7 ya GN (Tangazo la Serikali) 42 ya 2007, ila utaulizwa kama ulitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo. Ukifika huko, barua ya kuacha kazi itaje manyanyaso. Ukiandika "sababu binafsi" umejifunga mwenyewe.

Ujumbe wa kukutesa kwa simu unaangukia pia kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ushauri wangu, polisi waje baada ya barua ya malalamiko, isipokuwa umetishiwa kupigwa. Hapo nenda leo.

Kijana wa Ghalani: Asanteni sana. Mashahidi wanaogopa kusaini, je?

Mama Utumishi: Wasisaini. Andika majina yao kama waliokuwepo, anayechunguza atawaita mmoja mmoja faraghani. Na usiwaombe wakubaliane cha kusema, maelezo yanayofanana neno kwa neno hayaaminiki.