Tupeane uzoefu: Nyumba za purple martin

Wakuu, hasa mlioko Marekani mashariki ya milima ya Rocky. Purple martin ni mbayuwayu mkubwa kuliko wote Amerika Kaskazini, na dume lake likipigwa na jua linang'aa buluu mpaka zambarau. Upande huu karibu wote wameacha matundu ya miti, wanataga kwenye nyumba walizowekewa na watu tu. Wachoctaw na Wachickasaw, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakiwatundikia vibuyu tangu enzi hizo. Mimi niko Texas. Wa kutangulia huingia Januari na Februari wakitoka Brazili. Waliowahi kuwakaribisha (kufuga hawafugiki) tupeane uzoefu.

Seremala wa Tennessee
Vipimo vya kizamani vya chumba, sentimita 15 kwa 15, achana navyo. Kina kifike 30, kiota kikae nyuma kabisa, bundi akiingiza mguu asikifikie. Mlango kata nusu mwezi, kimo sentimita 3, ukaribiane na sakafu: martin analala kifudifudi anapenya, kwezi wa Ulaya, ndege mnyang'anyi wa viota, anakwama kifua. Paka rangi nyeupe, jua la Julai huku linapika makinda. Nguzo mita 4 hivi, iwe na kapi na kamba ya kushushia nyumba, na chini uifunge bati la kuzuia nyoka na rakuni (mnyama wa huku anayepanda na kula mayai). Miti isikaribie, acha angalau mita 12. Ukishusha kukagua hawasusi kiota, usiogope.

Mama Rehema
Niko Pennsylvania. Adui wangu ni shomoro, huyuhuyu wa Mombasa, aliyeletwa Brooklyn miaka ya 1850. Anatoboa mayai ya martin kisha anajaza nyasi zake. Akiingiza natoa, akirudisha natoa. Sheria ya 1918 ya ndege wanaohama inamlinda martin. Shomoro na kwezi haiwahusu.

Ila raha iko kwenye kuwatazama. Dume na jike wanabeba tope na vijiti, halafu yanaanza kuingia majani mabichi yaliyochumwa mtini, yanatandikwa juu ya kiota. Mayai ni meupe pee, mara nyingi 4 hadi 6. Jike ndiye anayeatamia, wiki mbili na ushee. Akitoka kula, dume linaingia kushika zamu ya kulinda. Jamani, hata baadhi ya wanaume wa humu wangejifunza! Makinda hukaa ndani karibu mwezi. Mimi huwawekea maganda ya mayai ya kuku yaliyopondwa, wanayagombania.

Mgeni Jamvini
Muuzaji kaniambia ndege mmoja anakula mbu 2,000 kwa siku. Ni kweli?

Mzee wa Minnesota
Hiyo ni lugha ya biashara, kijana. Wanawinda mchana, tena juu sana: kerengende, mbawakawa, vipepeo. Mbu anatoka jioni wao washarudi kulala. Kwa mbu nunua chandarua.

La kuangalia huku kaskazini ni baridi inayorudi Mei. Wadudu hawaruki, ndege wanajikunyata chumbani na wanaweza kufa njaa. Nanunua nyenje wa kulishia mijusi, nawarusha juu kwa kijiko cha plastiki mmoja mmoja. Mwanzoni wanapuuza, mmoja akidaka, wote wanashuka.

Mgeni Jamvini
Shikamoo mzee. Nyenje hao wazima au waliokufa?

Mzee wa Minnesota
Marahaba. Wagandishe kwenye friza, halafu wayeyuke kabla ya kuwarusha. Wazima watakukimbia uani.