Tupeane uzoefu: Tuliosoma shahada ya ualimu tukabaki (au tukarudi) shule ya msingi

Mwalimu wa Kishapu

Habari za jioni, walimu na wasio walimu.

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinifuata mlangoni mwa darasa la kwanza akaniuliza, "Madam, nasikia una digrii. Sasa huku unafanya nini?" Hakuwa na nia mbaya, ni mtu ananiheshimu. Lakini swali lake limenikaa moyoni, ndiyo maana nafungua uzi huu. Wewe uliyesoma chuo kikuu ukafundisha msingi, au uliyeanza na cheti ukajiendeleza, tueleze: shahada ilikupa nini, na ilikunyima nini? Naanza mimi.

Nilimaliza cheti, Daraja A, miaka miwili ya chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya kijijini. Ilipofika Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, darasa langu la kwanza lilifika watoto 112. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Nilifanya kama nilivyofundishwa: naandika ubaoni, nasoma, wanaitikia. Sauti ilikuwa inasikika hadi barabarani, na mimi niliamini wanasoma.

Mwaka uliofuata nilipata ruhusa ya masomo. Barua ilipita kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, ikaenda wilayani hadi kwa mkurugenzi. Nikasoma shahada miaka mitatu. Katika kozi ya kufundisha kusoma, mhadhiri alitupa kazi ndogo tu: ukiwa likizo, kaa na mtoto mmoja mmoja kwa dakika tano, funika picha ya kitabu kwa kiganja, kisha mwambie asome.

Nilirudi shuleni kwangu nikaanza na mtoto niliyekuwa namtegemea, yule wa kuwaongoza wenzake. Alikuwa akifungua ukurasa anausoma wote bila kukwama. Nikafunika picha. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno "kaka" peke yake, akaliangalia, akanitazama usoni, akasema, "Mama anapika." Alikuwa ameshika ukurasa mzima kwa kichwa. Miezi yote ile nilimpigia makofi.

Niliendelea na wengine, naandika kwenye daftari kila mtoto anakwama wapi. Wengi walisoma "ma me mi mo mu" vizuri wakafia kwenye mba, nda, nyo na ng'o. Na wale wanaoongea Kisukuma tupu nyumbani waliandika "kalanga" kwa karanga na "balabala" kwa barabara. Zamani nilikuwa naweka kosa kwa kalamu nyekundu, na nikiri, wengine niliwachapa. Chuo ndicho kilichonifanya nielewe kwamba mtoto anaandika alichosikia. Lugha ya kwao haina hiyo r, kwa hiyo sikio lazima lifundishwe kwanza, mkono ufuate. Siku hizi kabla ya kuandika tunacheza wiki nzima na sauti tu: rrr ya pikipiki inayopanda mlima, lll ya mtoto anayebembelezwa.

Kuhusu maslahi niseme kwa kifupi. Kutoka ngazi ya mshahara wa walimu TGTS B kwenda D ni hatua kubwa, lakini barua ya kunipandisha ngazi hiyo niliisubiri miaka mitatu. Na kila aliyesikia nimehitimu aliniuliza swali moja: unahamia sekondari lini? Sijahama. Niliona mtoto wa miaka sita ndiye anayehitaji hiki nilichosomea kuliko yeyote.

Mzalendo wa Historia

Shikamoo Madam. Yangu imekwenda kinyume na yako.

Mimi sikuchagua msingi. Nilisoma shahada ya sanaa na elimu, Historia na Kiswahili, nikaajiriwa sekondari. Mwaka 2018, walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walipohamishiwa shule za msingi, jina langu lilikuwemo. Nilipewa Hisabati darasa la tatu. Nasema kweli, usiku wa kwanza sikulala. Miaka mitatu ya chuo kikuu nilisoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, falsafa, na mafunzo kwa vitendo nilifanya mara mbili, zote kidato cha pili. Hakuna aliyewahi kunieleza mtoto wa miaka tisa anafikirije.

Nilitoa swali: 40 kutoa 17. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 37. Nikarudia ubaoni, nikarudia tena, nikapandisha sauti. Wakaandika 37.

Chumba cha pili alikuwa anafundisha mama mmoja, mwalimu wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote). Vijana huenda hamwajui hawa: baada ya Azimio la Musoma la 1974, ili kila mtoto apate shule ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakiwa wanafundisha. Huyu mama alikuwa anakaribia kustaafu. Aliingia darasani kwangu bila kuitwa, akanisalimia kwa adabu kana kwamba mimi ndiye mkubwa, akauliza, "Baba, wana vijiti?"

Hawakuwa navyo. Akawatoa nje wakaokota. Akawaambia wafunge kumi kumi kwa nyuzi za katani, mafungu manne. "Haya, nipeni saba." Watoto wakaangalia mafungu, wakaangaliana. Mmoja akasema, "Mwalimu, hadi tufungue." Akamjibu, "Basi fungua." Mtoto akafungua fungu moja, akahesabu saba akampa, mkononi vikabaki vitatu. "Mafungu yamebaki mangapi?" Matatu. "Toa moja." Mawili. Ishirini na tatu. Kisha ndipo akachukua chaki akaandika ubaoni kile kile nilichokuwa naandika mimi tangu asubuhi.

Hapo nikajua kwamba wale watoto hawakuwa wazembe. Walitoa sifuri kwenye saba kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba ile 4 ni mafungu. Jioni nilichukua makabrasha yangu ya chuo, nikakuta mwanasaikolojia Piaget mule ndani, nimepigia mstari kwa rangi ya njano kwamba mtoto wa umri huo anaelewa kwa kushika vitu. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri.

Kwa hiyo jibu langu, Madam: shahada ilinipa maneno ya jambo lile. Jambo lenyewe nilipewa na mama wa UPE. Alistaafu mwaka uliofuata. Natamani vyuo vikuu viwaite watu kama yeye wakae na wanachuo hata muhula mmoja, na walipwe kwa heshima.

Kijana wa HKL

Walimu shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nataka kuomba ualimu wa watoto wadogo chuo kikuu lakini mjomba anasema huko wanakwenda waliofeli, na cheti kinatosha. Nifanyeje?

Mwalimu Kakamega

Hamjambo walimu wenzangu. Naandika kutoka Kenya, upande wa magharibi.

Nilikuwa mwalimu wa P1, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule ya msingi. Huku cheti hicho kimeshapitwa, tangu 2021 wanaoingia vyuo vya ualimu wanasomea stashahada. Mimi niliona mbali kidogo, nikajiunga na shahada ya elimu ya shule ya msingi kwa mpango wa likizo. Aprili, Agosti, Desemba: watoto wakifunga, mimi nafungua. Karo nililipa kwa mkopo wa sacco. Tulipanga chumba walimu wanne, wote kina mama, tunapika githeri kwa zamu, mihadhara tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Kwa miaka minne sikuona Krismasi vizuri na wanangu. Hilo linauma mpaka leo, sitalificha.

Lakini faida ya kusoma hivyo ni kwamba Jumatatu shule ikifunguliwa unakijaribu ulichofunzwa Agosti. Kwa utafiti wangu wa mwisho sikwenda mbali, nilichukua rejista yangu ya mahudhurio. Nikahesabu muhula mzima siku kwa siku. Jumanne zilikuwa na mapengo mara dufu ya siku nyingine. Jumanne ni siku ya soko letu, watoto wakubwa wanabaki kulea wadogo. Na Jumanne ndiyo ilikuwa na kipindi changu kirefu cha kusoma! Miaka saba nilikuwa nikiandika zile alama za kutokuwepo kwa mkono wangu na sikuwahi kuzisoma. Nikakihamishia kipindi Jumatano, nikazungumza na wazazi watatu wa karibu na soko. Mtaala wa umilisi unatutaka tuseme kila mtoto anafikia matarajio au anakaribia, na sasa nikiandika "anakaribia" najua ninasema nini.

Wenzangu wengi wenye shahada walipelekwa sekondari msingi Gredi ya 7 ilipoanza 2023. Niliombwa pia. Nimebaki na Gredi ya 2.

Mama Pacha, Mtwara

Nawasalimu. Mimi nimesoma Chuo Kikuu Huria. Baba yangu, naye mwalimu, alichukua fomu za chuo hicho miaka ileile kilipoanza kufundisha, 1994, hakumaliza kwa sababu ya ada. Kwa hiyo nilipoanza nilijua namalizia na ya kwake. Ada nililipa kwa korosho zetu. Mnada ukipita, mume wangu anatoa fungu la chuo kabla hatujanunua hata sukari. Namshukuru sana.

Nilisoma usiku, pacha mmoja mgongoni. Kilichonitesa kuliko usiku ni Kiingereza. Nimefundisha kwa Kiswahili maisha yangu yote, na shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, ila shahada yote ya kuwafundishia watoto hao ipo kwa Kiingereza. Nikawa na daftari la pembeni. Kila dhana nikiielewa, siifungi mpaka niiandike kwa maneno ambayo mtoto wa Tandahimba angeyaelewa. Thamani ya tarakimu kwa nafasi yake niliiandika hivi: "Moja ikikaa kwenye mkeka wa makumi inaitwa kumi, ikishuka kwenye mkeka wa mamoja ni moja tu." Ninayo hadi leo, kurasa zaidi ya sitini. Walimu wenzangu wanaliazima daftari hilo kuliko vitabu vyangu vya chuo. Nadhani lile ndilo nililolisomea.

Mwalimu wa Kishapu

Mama Pacha, nimesoma maneno yako mara mbili. Huo mkeka wa makumi nauchukua, kwa ruhusa yako.

Kijana wa HKL, mdogo wangu, mjomba wako anakutakia mema lakini hajawahi kukaa na watoto 112. Omba. Ukifungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) usiishie kwenye neno "elimu". Shahada nyingi za ualimu zinaandaa wa sekondari, yaliyomkuta Mzalendo hapo juu ndiyo hayo. Tafuta iliyoandikwa elimu ya awali au elimu ya msingi. Kisha piga simu idara husika uulize mambo mawili: mafunzo kwa vitendo mnafanyia shule gani, na wahadhiri wa kozi ya kusoma na kuandika wamewahi kufundisha darasa la kwanza? Ukichukua mkopo, ujue mapema kwamba bodi ya mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka uishe. Na ajira haiji siku ya mahafali, jiandae kusubiri.

Jambo moja naomba msaada. Januari napokea wapya, wataandikishwa zaidi ya 90. Kuwasikiliza mmoja mmoja dakika tano ni siku nyingi mno. Kuna anayejua njia?

Mwalimu Kakamega

Ndiyo, dada. Usiwasikilize wote kwa dakika tano. Siku ya kwanza andika silabi kumi kwenye mfuko mtupu wa saruji, uutundike nje chini ya mti. Wengine wakiwa wanachora, ita watano watano, kila mmoja silabi mbili tu. Ndani ya siku nne utakuwa na mafungu matatu: wasiojua irabu, waliokwama kwenye silabi, na wanaosoma. Kisha wale wa fungu la mwisho wape kitabu, wewe kaa chini na wale wa kwanza. Wiki ya tano geuza mfuko, upande wa pili uwe na maneno, uanze upya. Mimi huanza na waliokaa nyuma kabisa.