Jiwe la kando ya barabara kwa waliodondosha mabomu: ni haki?

Mtaka Haki: Wakuu, Ulaya barabara za vijijini zina vijiwe vya kumbukumbu vyenye majina saba: rubani na wenzake wa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, iliyotunguliwa Vita vya Pili vya Dunia. Bendera, maua, pengine bapa la propela lililopinda. Waliouawa na mabomu yao hata mstari mmoja hawapati. Ni haki?

Sanga: Mleta mada, London ilipopigwa 1940 Wajerumani walikuwa wanadondosha peremende?

Mtaka Haki: Mji wa Dresden, Ujerumani, uliochomwa kwa mabomu Februari 1945. Watoto wa pale walianzisha vita gani?

Kijana wa Zamani: Walikufa laki mbili usiku ule.

Sanga: Laki mbili ni propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, bado mnaimeza! Wanahistoria walishahesabu: hawazidi 25,000.

Kijana wa Zamani: "Hawazidi"! Kana kwamba ni kuku.

Mdadisi: Wazungu wameuana wenyewe kwa wenyewe. Sisi yanatuhusu nini?

Kipanga: Wazungu peke yao? Johnny Smythe wa Freetown alikuwa msoma ramani kwenye Stirling, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza. Akatunguliwa Ujerumani 1943, akakaa mateka mpaka vita vikaisha.

Mdadisi: Mkoloni alimlazimisha.

Kipanga: Warukaji wote wa kikosi cha mabomu cha Uingereza walijitolea. Acha kuchanganya madesa.

Mdadisi: Kujitolea chini ya mkoloni! Unaongea kama mjukuu wa Churchill.

Mama Tunu: Kuingia hiari, kutoka shughuli. Ukigoma kupanda tena, faili lako linaandikwa mwoga. Katika warukaji kama 125,000 wa kikosi hicho walikufa 55,573. Yule mpiga bunduki wa mkiani ndiye ananiumiza: peke yake kwenye kibanda cha vioo, parashuti haienei humo, imetundikwa nyuma ya mlango. Wengine waling'oa kioo cha mbele ili waone vizuri, baridi yote ikawaingilia.

Mtaka Haki: Kwa hiyo baridi ya juu inazima moto wa chini?

Mama Tunu: Nimesema inazima? Usiniwekee maneno mdomoni, mwanangu. Mnara wa Green Park, London, wa 2012, umewakumbuka pia watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu. Vijiwe vya vijijini navyo viongezewe mstari.

Mdadisi: Na huyo Smythe, jiwe lake liko wapi?

Kipanga: Mkuu, hakufa vitani! Alikuja kuwa mwanasheria mkuu wa Sierra Leone, akaishi mpaka 1996.

Mdadisi: Basi wangemwekea akiwa hai. Hawana shukrani hawa.