Wharton au MIT: ni wapi kijana wa Tabora ana nafasi zaidi?

MwanaIsevya: Wakubwa, shikamooni. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita hapa Tabora na ameazimia kusoma shahada ya kwanza ya biashara Marekani. Tumebaki na shule mbili za biashara: Wharton ya Philadelphia na Sloan iliyo ndani ya chuo cha teknolojia cha MIT. Ni wapi ana nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa?

Mwalimu_BAM: Marahaba. Umeuliza bei bila kusema unanunua nini. Amesoma tahasusi gani, na nani atamlipia? Wharton hutoa shahada ya sayansi katika uchumi, kwa hiyo kijana wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati ya juu) ana pa kushikia, ilhali wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) mwenye BAM, yaani hisabati ya msingi, peke yake atapata tabu kwenye kalkulasi.

Kazeh: Mwalimu, kila mada kwako ni EGM. Kinachotenganisha vyuo hivi ni fedha. MIT humchagua mwombaji, hata Mtanzania, bila kutazama uwezo wa familia, kisha huziba pengo lote. University of Pennsylvania, yenye Wharton, kama wewe si mtu wa Marekani, Kanada au Meksiko, ombi lako la msaada huwekwa kwenye mizani pamoja na alama zako.

MamaUrambo: Hapo ndipo mwanangu alipokwama. Mshauri mmoja alituambia tujaze kwamba hatuhitaji msaada ili nafasi iongezeke, nasi tukajaza. Barua ya kukubaliwa ilipofika tulichinja mbuzi. Wiki iliyofuata chuo kikadai uthibitisho wa benki wa gharama za mwaka mzima, na mume wangu akabaki na karatasi ya mauzo ya tumbaku mkononi, akiigeuza mbele na nyuma kana kwamba kuna tarakimu nyingine upande wa pili. Tulipoomba msaada tukajibiwa kwamba muda wake ulipita siku tuliyotuma fomu. Nafasi ikapotea.

Kazeh: Pole sana, mama. Ndiyo maana nasema MIT, au hata Harvard na Yale, ambazo hazina shahada ya kwanza ya biashara lakini uchumi upo, na kwa wageni sera yao ya fedha ni hiyo hiyo ya MIT.

Mwalimu_BAM: Hakuuliza Harvard. Tena pale MIT kila mwanafunzi, hata wa biashara, hulazimika kusoma kalkulasi na fizikia.

MwanaIsevya: Niwieni radhi, umeme ulikatika. Amesoma ECA, na fizikia aliiacha kidato cha pili. Mlipaji hatuna.

Kazeh: Basi ni MIT.

Mwalimu_BAM: Na fizikia?