Nimetafuta vigawo, jibu linakataa. Msaada wakuu

Mleta mada: Wakuu, nimekwama. Swali: tafuta vigawo vya 12x² − 10x − 12. Nimepata (3x + 2)(2x − 3). Nimerudia mara tatu, jibu lile lile, na bado nakosa. Tatizo nini?

Kipeuo: Acha kubahatisha, tumia kanuni ya kutafuta x. b² − 4ac ni 100 + 576 = 676, kipeuo chake 26. x = 3/2 au −2/3. Kwisha habari.

Mabano: Hajaulizwa x. Mleta mada, fungua mabano yako: 6x² − 9x + 4x − 6, yaani 6x² − 5x − 6. Hiyo ni nusu ya swali. 2 umeipeleka wapi?

Chenga: Mara ya mwisho ilionekana mbele ya mabano 😂

Mleta mada: Niligawa zote kwa 2 ili namba ziwe ndogo. Si inaruhusiwa? Kwenye mlinganyo tunagawa kila siku.

Mabano: Mlinganyo una pande mbili, na sifuri ukiigawa kwa 2 inabaki sifuri. Hapa alama ya sawasawa iko wapi? Weka x = 0: swali linatoa −12, jibu lako −6. Kigawo cha pamoja hakitupwi, kinakaa nje: 2(6x² − 5x − 6). Ndani, 6 × −6 = −36. Namba mbili zikizidishwa zitoe −36, zikijumlishwa −5: ni 4 na −9.

6x² + 4x − 9x − 6
2x(3x + 2) − 3(3x + 2)

Hapo pa mwisho ndipo wengi huanguka. Ukitoa nje 3 badala ya −3 unabaki na (−3x − 2), mabano hayafanani, unadhani swali halina vigawo.

Taratibu: Haraka hizi! Kufungua mabano ni sekunde 20. Na wewe Kipeuo, ukiandika (x − 3/2)(x + 2/3) umepoteza 12 nzima.

Chenga: Mi naona hii chai. Nani kasema umekosa? 676 mraba kamili, namba zimenyooka mno. Umelitunga.

Mleta mada: Sijatunga! Nyuma ya kitabu wameandika 2(3x + 2)(2x − 3). Nikajua wamekosea kuchapa.

Chenga: Kumbe jibu unalo!

Mleta mada: Nimeshaandika kwa kalamu, mbele hakuna nafasi. Nikiiingiza ndani, (6x + 4)(2x − 3)?

Mabano: Ukifungua inarudi 12x² − 10x − 12, sawa. Ila kazi haijaisha, 6x + 4 bado ina 2 tumboni. Kata mstari, andika upya chini.