Duomo ya Milano kwa nusu siku: tuingie au tuitazame kwa nje?

Mwana wa Maweni: Watu wa Malindi mnaoijua Italia, naomba ushauri. Tunatua Malpensa asubuhi, na treni yetu ya jioni inaondokea Milano Centrale. Niko na mama, magoti yanamsumbua. Hilo kanisa kuu la Kigothi, yaani mtindo wa Ulaya wa zama za kati wenye matao yaliyochongoka, lastahili foleni na tiketi? Na sisi Waislamu twaruhusiwa kuingia?

Kaskazi: Mnaingia bila swali. Sharti ni mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo kanzu na buibui zatosha; kofia tu ndiyo wanaume huvua. Pandeni treni ya Malpensa Express hadi Centrale, kama dakika 50, muache mizigo kwenye stoo ya stesheni. Masanduku hayapiti ukaguzi wa mlangoni Duomo, na hapo ndipo wengi hukwama. Kisha metro, treni ya chini ya ardhi, njia ya manjano, M3. Duomo ni kituo cha nne.

Mkoko: Tiketi ya ndani pekee ni hasara, kwa maoni yangu. Kitu chenyewe kiko juu ya paa. Minara 135 ya marumaru ya machimbo ya Candoglia, nawe unatembea katikati yake! Ile mihimili ya matao inayozuia kuta zisisukumwe nje na uzito wa dari, kwingine huitazama toka chini hadi shingo ikauma, hapa unaigusa. Nunua mtandaoni mapema tiketi ya pamoja, maana ya kanisa tu haikupandishi. Mvua ya radi ikija, paa hufungwa.

Fundi Chokaa: Paa sawa, ila ndani msipapuuze. Kuna nguzo 52, na sanamu ya Mtakatifu Bartolomeo ya 1562: mtu aliyechunwa ngozi, kisha akajitanda ngozi yake kama shuka. Mkifika adhuhuri, tazameni mstari wa shaba wa 1786 sakafuni karibu na mlango mkuu. Jua hupenya tunduni juu na kuugusa, ndivyo walivyojua ni adhuhuri. Mpenda Kigothi safi atalalamikia uso wa mbele. Ujenzi ulianza 1386, lakini uso ulikamilishwa kwa amri ya Napoleon, na mitindo imechanganyika.

Mwana wa Maweni: Ahsanteni. Na mama je, ngazi hizo?

Mkoko: Chukua tiketi ya lifti, ghali kidogo. Haifiki kileleni lakini. Kipande cha mwisho ni ngazi nyembamba za mawe. Mama abaki paa la chini, minara ataiona vizuri tu.

Kaskazi: Uwanjani nje, mtu akitaka kukufunga bangili ya uzi au kukutilia mahindi ya njiwa kiganjani, kunja mkono upite. Ukipokea tu, anadai pesa.