Ile asidi ya Breaking Bad ni kweli au kamba?

Jamani narudia kuangalia ile tamthilia ya Breaking Bad, ile sehemu Jesse anamwaga asidi kwenye beseni la kuogea mpaka sakafu inatoboka kila kitu kinadondoka chini, hivi inawezekana kweli?

> Kamba hiyo. Asidi waliyotumia ni ya haidrofloriki, inakula kioo na ikikugusa inaingia hadi mfupani, ila kikemia ni asidi dhaifu. MythBusters, wale wa kipindi cha TV cha kujaribu mambo ya kwenye filamu, walijaribu, beseni halikutoboka. Walter, yule mwalimu wa kemia mwenzake Jesse, kusema tumia chombo cha plastiki alikuwa sahihi lakini.

> Mi hata simuogopi Walter, nikimwona mwigizaji wake Bryan Cranston namuona tu yule baba wa ile komedi ya Malcolm in the Middle na chupi yake nyeupe 😂

> Na chupi kaja nayo hukuhuku Breaking Bad! Ila Vince Gilligan, mtunzi wa Breaking Bad, alishamwandikia Cranston episodi ya tamthilia ya X-Files 1998, ndo akamkumbuka.